Kapita wa Ghala la Nne

Kapita alikuwa anauma maharage kabla ya kumwamkia mtu. Gunia likishushwa kutoka kwenye pikapu, alitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa punje tatu za katikati, akaziweka baina ya meno ya upande wa kushoto. Punje ikipasuka kwa mlio, alikubali kwa kichwa na gunia likaingia ndani. Ikibaki na alama ya jino, gunia lilirudi nje likaanikwe, hata kama mwenyewe ni mchungaji wa kanisa lake. Upande wa kulia hakuwa na meno ya kutosha. "Ilienda ku kazi," alisema, kama mtu anayezungumzia watoto walioajiriwa mbali.

Kwetu Kivu ya Kusini kapita ni mtu anayesimamia kazi za wengine. Sisi wakimbizi tulilibeba neno hilo mpaka Uganda pamoja na masufuria, na huyu ndiye aliyelipata. Jina lake la kweli nililisikia mara moja tu, likiitwa kwa kipaza sauti siku ya kuhesabiwa kambini kwetu Nakivale, na watu wote waliokuwa karibu nami waligeuka kutazama ni nani huyo. Alikuwa yeye. Hata yeye alichelewa kuitika.

Mimi niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili. Nimechunga ng'ombe wa watu Masha, nimeosha makopo ya maziwa Bwizibwera, nimepakia ndizi Mbarara mpaka bega moja likashuka kuliko jingine. Kila nilipochoka na kazi nilipitia kwa Kapita, kwa sababu mtaa wake wa maghala ulikuwa njiani kwenda kila mahali, na kwa sababu hakuna mtu mwingine niliyemjua aliyejibu swali mpaka mwisho wake. Nilimuuliza siku moja kwa nini ukuta wa ghala una matundu madogo juu. Alinieleza hewa ya moto inavyopanda, akanionyesha panya wanapopita, akamalizia na Nuhu na dirisha la safina. Chai yangu ilipoa. Sikujuta.

"Wee mutembezi," ndivyo alivyonisalimu siku zote, "umetoka wapi tena? Na uliona nini?" Ilibidi nijibu yote mawili. Nikisema sikuona kitu, alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyelipishwa nauli akashushwa njiani.

Maghala yenyewe yalikuwa sita, ya mawe na matofali, matatu upande huu na matatu ule wa barabara ya vumbi nyuma ya mtaa mkuu wa Mbarara. Wahindi wa zamani waliyajenga kwa kahawa na ngozi. Sisi tuliyakuta na mahindi, chumvi na popo. La nne lilikuwa la maharage, na mengi ya maharage hayo yalitoka Nakivale, yaliyolimwa na watu wetu wa Juru, upande wetu wa kambi, na kubebwa kwa baiskeli hadi mahali pikapu inapofika. Kapita alikuwa na wapakiaji wanane na akina mama kumi na mmoja wa kuchambua. Akina mama walikuja na pikapu Jumatatu na kurudi Ijumaa. Walikaa barazani, kila mmoja na lungo lake magotini, wakitoa vijiwe, majani na punje zilizotobolewa.

Baraza hilo lilitazama magharibi. Kuanzia saa nane jua liliingia machoni, na kila lori lililopita liliacha vumbi. Mama Neema, aliyekuwa mwepesi kuliko wote kwa vidole na kwa mdomo, ndiye aliyeanza kulalamika. Machozi yalimtoka hata Jumapili, hata akiwa kanisani, watu wakadhani ameguswa na mahubiri. Kapita alimpa nafasi nyuma ya nguzo, penye kivuli chembamba, na kivuli kikihama alimhamisha naye. Nilimwona akifanya hivyo mara tatu katika mchana mmoja, huku akimfokea mpakiaji aliyenyanyua gunia kwa mgongo badala ya miguu. Hakukatisha ukali wake. Alikuwa anafoka na mkono mmoja unasogeza kigoda.

Hakuwa na saa, lakini aliwakemea waliochelewa kwa dakika. Alikuwa Mprotestanti asiyeonja pombe, lakini alijua bei ya kila chupa kwa sababu wapakiaji wake walizinywa. Kwaya ya kanisa la Juru ilimwomba mara mbili asiimbe, kwa heshima, na mara zote mbili alikubali, kisha Jumapili ikifika akasahau. Mikutano aliipenda kuliko chakula. Popote palipotangazwa mkutano, wa kambi, wa kanisa, wa soko, alifika kwanza, akakaa mbele, na mwenyekiti akimaliza kusema aliinua mkono. "Niko na maulizo tatu," alisema. Yalikuwa matano au sita.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba mtaa wa maghala utafanywa mpya, Kapita alikuwa mbele. Mimi nilikuwa Masha na ng'ombe wakati huo. Niliporudi, bango lilikuwa limesimikwa tayari mwanzo wa mtaa, kubwa kama ukuta wa nyumba, na picha ya namna mtaa utakavyokuwa: barabara ya lami, miti, milango ya kijani, vioo, watu wanatembea bila haraka. Kapita alinipeleka kulisoma hata kabla sijaweka mfuko chini. Nilisoma maneno yote kwa sauti, polepole, kwa darasa langu la tano. Yeye aliyajua kwa moyo. Alichotaka nione ni watu.

"Tazama ule mama wa nguo ya njano," alisema. "Njo Mama Neema, ni yeye."

"Kapita, huyo ana mkoba na viatu virefu."

"Atavua. Hawezi kuchambua na ile viatu."

Aliuliza maulizo yake kwenye mkutano, na aliyeyajibu ni injinia wa mradi, Mnyankore kijana mpole mwenye buti mpya. Injinia alisema ghala la nne litakuwa na ukumbi wa wachambuaji, wenye paa na madirisha upande wa kaskazini, usio na jua. Wale wanaofanya kazi hapo watafikiriwa kwanza. Kapita aliporudi barazani na habari hiyo, akina mama walipiga vigelegele mpaka mwenye duka la chumvi akatoka nje kuuliza nani ameoa.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu Nakivale, maana bila hicho Kapita ataonekana mjinga, naye hakuwa mjinga. Huko kwetu mtu hujifunza kungoja kama wengine wanavyojifunza useremala. Unangojea unga, unangojea maji, unangojea jina lako. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kusimama siku nzima ilhali shamba linamngoja, mtu huweka jiwe lake kwenye mstari, kisha akaenda kulima. Jiwe linasogezwa na majirani kama vile ni mtu. Hakuna anayeliruka. Lakini kuna sharti moja: ukionekana kwenye mstari mwingine, jiwe lako linatupwa, na kwenye huo mwingine pia unafukuzwa. Kuwa mahali pawili ni kuiba nafasi ya mwenzio. Kapita ndiye aliyesimamia sharti hilo Juru kwa miaka. Nilimsikia akilisema mara nyingi kuliko Baba Yetu: "Mutu mumoja, mustari mumoja."

Basi wiki ya mkutano ule alileta mawe kumi na moja kutoka Juru kwenye pikapu ya maharage. Kila mama alichagua lake mwenyewe. La Mama Neema lilikuwa jeupe, la mtoni. Aliyapanga mbele ya mlango wa ghala la nne, karibu na ukuta, kuanzia mama aliyetangulia kuanza kazi hadi wa mwisho.

Nilikuwepo siku injinia alipojikwaa.

"Muzee," alisema, akishika kidole chake ndani ya buti, "hii mawe ni ya nini?"

"Si mawe, bwana injinia. Ni bamama."

Injinia alitazama mawe. Kisha akatazama akina mama barazani, nao walimpungia mkono.

"Hapa hatufanyi hivyo, muzee. Hapa mutu naandika jina kwa karatasi, napeleka ofisi."

"Karatasi inapotea," Kapita alisema. "Jiwe inapotea namna gani?"

Injinia alicheka, na kwa kweli hakuyaondoa. Aliyazunguka. Wajenzi wake nao waliyazunguka walipokuja na ngazi. Waliezua paa la ghala la nne kwanza, wakayapeleka mabati ya zamani sijui wapi. Wakazungushia mtaa uzio wa mabati mapya. Wakachimba mtaro katikati ya barabara. Maharage yalihamishiwa ghala la pili, akina mama wakabaki barazani pale pale, sasa bila hata kile kivuli cha paa. Hayo yalikuwa ya miezi michache tu, Kapita alisema. Mtu anayejengewa nyumba lazima alale nje kidogo.

Katika miezi hiyo ndipo alipokuja mfanyabiashara wa Bwizibwera. Nilimfahamu, niliwahi kumwoshea makopo, mtu mnene mwenye kucheka kabla hajamaliza kusema. Alikuwa ameanza kununua maharage na alijenga banda jipya karibu na barabara ya Ibanda.

"Nyabo, mimi nataka nyinyi wote," aliwaambia akina mama. "Kumi na moja, hapana kumi. Banda iko na madirisha. Na maziwa asubuhi, kila mutu kikombe. Jumatatu gari nakuja."

Mama Neema alisimama na lungo lake mkononi. "Kapita, umesikia? Madirisha!"

Kapita alikuwa ameuma punje. Aliitema. "Nimesikia. Na hapa pia iko madirisha."

"Fasi gani? Hapa hata paa hakuna!"

"Inakuja. Mama, ukienda kule, hapa ninaondoa jiwe yako. Haiko vile nataka. Njo sheria."

"Sheria ya Nakivale, Kapita. Hapa ni Mbarara."

"Sisi ni batu ba wapi?" aliuliza.

Wakainamia maharage yao. Hawakumwogopa, nataka hilo lieleweke. Walimwamini. Walimkumbuka akisimama mbele ya watu wenye hasira Juru, akilinda jiwe la mjane aliyekuwa anazaa. Wanawake hao walikuwa wamekula kwa sababu ya ukaidi wa mtu huyu. Mama Neema alikaa chini, akaanza kuchambua kwa kasi ya kutisha, vijiwe vikaruka mpaka barabarani. Mfanyabiashara alingoja kidogo, akacheka mwenyewe, akaondoka. Jumatatu gari lake lilichukua wanawake wengine.

Mimi sikusema kitu. Ningeweza. Nilikuwa nimeliona banda lile kwa macho yangu, nilijua madirisha ni ya kweli. Lakini mimi ni mtu wa kupita, na watu wa kupita tuna tabia ya kuwaachia wanaokaa uamuzi wa mambo. Nimelifikiria hilo mara nyingi.

Kisha kazi ikasimama. Haikusimama siku moja. Kwanza wajenzi walikuwa kumi, wakawa wanne, akabaki mmoja mwenye ufunguo wa uzio, naye akawa anafuga kuku ndani yake. Mvua ilijaza mtaro. Wenye maghala mengine walihamia upande wa pili wa mji. Bango lilififia kuanzia chini, viatu virefu vikatoweka kwanza, halafu miguu, mpaka wale watu wakawa wanaelea. Kila nilipopita nilikuta mama mmoja amepungua barazani. Walirudi kulima Juru, wakisema ni kwa muda, Kapita atawaita. Mwishowe hapakuwa na maharage, hapakuwa na mtu wa kusimamia, na Kapita bado alikuja kila Jumatatu, amevaa shati safi, ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango usio na paa nyuma yake.

Usidhani alikuwa na huzuni. Alikuwa mchangamfu kuliko wengi wenye kazi. Aliwajua kuku wote wa yule mlinzi kwa tabia zao. Alinifundisha, kwenye kigoda hicho, namna ya kutambua gunia lililowahi kulowa kwa kulinusa mshono. Nilimuuliza kama hachoki. "Kuna batu banangoja mubaya," alisema. "Banalala, banagombana, banatoka mu mustari kwenda kutazama ngoma. Mimi ninangoja muzuri." Alijivunia hilo kama mwingine anavyojivunia ng'ombe.

Niliondoka tena, safari hii kwa muda mrefu. Nilipofika Juru baadaye, mvua zikikaribia, Kapita ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa njiani, amevaa koti la kanisani siku isiyo Jumapili. Amekonda. Hakuuliza nilitoka wapi wala niliona nini.

"Umekuja siku muzuri," alisema. "Tutembee. Ninaenda kuomba musamaha."

Njiani alinieleza. Injinia alikuwa amemkuta kwenye kigoda, buti zimezeeka, akamwambia amehamishwa wilaya nyingine. Mipango ya mtaa ule hakuna ofisini anayejua ilipo. "Alinishika mukono," Kapita alisema. "Akasema, Muzee, enda nyumbani. Hapa hakuna kitu nakuja." Tangu siku hiyo alikuwa anakwenda kwa akina mama, mmoja mmoja, kwa miguu, kijiji kwa kijiji. Alikuwa amekwisha kuwaona kumi.

Mama Neema alikuwa ameketi mlangoni kwake na lungo magotini. Hakulitazama. Uso wake ulielekea barabarani na vidole vilitembea peke yake juu ya maharage, vikisimama, vikitupa kitu, vikiendelea. Tulikuwa hatua tano kutoka kwake aliposema, "Ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Mimi iko mingi."

"Kapita."

Vidole vilisimama. "Haa, Kapita. Ghala imefunguka?"

"Hapana." Alivua kofia. Sauti yake, iliyozoea kufokea lori, ilikuwa ndogo. "Haitafunguka. Mama, nilikukataza kwenda Bwizibwera. Nilisema ungoje. Nilikosa. Nimekuja kukuambia usingoje tena."

Mama Neema alirudi kuchambua. Alimaliza upande mzima wa lungo.

"Bengine umebaambia?"

"Bote."

"Mimi wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Juu ya nini?"

"Nilikuogopa."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Ulifanya muzuri kuogopa." Aliinua punje moja, akaisugua kwa kidole gumba, akaitupa nje. Ilikuwa jiwe. "Nilikuwa ninaona hata tundu ya sindano, Kapita. Leo ninamujua mutoto wangu kwa kukohoa. Pengine madirisha ya kule hayangesaidia. Pengine yangesaidia. Hatutajua, mimi na wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Sikusamehe leo. Sitaki kusema uongo kwa sababu ya koti yako ya kanisa."

Nilishangaa alijuaje kuhusu koti. Kapita hakushangaa. Alisimama wima, kofia mkononi, kama mtu aliyepewa haki yake. Nilifikiri tutaondoka, nikaanza kugeuka.

"Na wewe," Mama Neema alisema, "nani alikuambia usingoje?"

Kapita aligeuza kofia mikononi.

"Injinia..." alianza.

"Injinia ni mutoto. Jumatatu ile ingine ulikuwa wapi?"

Alitazama viatu vyake. "Kule," alisema.

"Nilijua. Watu wa pikapu banasema." Aliweka lungo chini na kujipangusa mikono kwenye kitenge. "Basi unisikie. Ghala imekufa, Kapita. Sisi bote tumeshaizika, umebaki wewe peke yako ku kilio. Jumatatu usiende."

"Jumatatu nifanye nini?"

"Mvua iko karibu. Niko na shamba ya kupanda na sioni tena fasi ya kuweka mbegu. Kuya unipandie."

Kapita alinyooka. Niliuona uso wake ukianza kufanya kazi. "Nitaleta batu. Kuna bale vijana banne ba kanisa, nitabapanga, wawili mbele, wawili..."

"Usilete mutu," Mama Neema alisema. "Ukuye wewe."

Kapita alikubali kwa kichwa, akakumbuka kwamba Mama Neema haoni, akasema ndiyo.

Tulirudi kwa njia ileile. Kapita alitembea mbele yangu, kofia bado mkononi. Tulipofika njia panda alisimama, akaniuliza kama namjua mtu mwenye jembe la kuazima.